Barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda wa Arua, Uganda, kuhusu kikombe cha mwenzenu

Wanangu wa steji,

Salaam nyingi kwenu. Ninawaandikia mimi mama yenu, ambaye wengi wenu mmenibeba kwa pikipiki kutoka sokoni hadi nyumbani, na ambaye baadhi yenu niliwapokea kwa mikono yangu siku mlipozaliwa, kwa kuwa nilikuwa mkunga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Wiki iliyopita nilikaa pale kwa mama wa chai, nikaona kikombe kimoja cha plastiki kimetundikwa kwenye msumari, mbali na vikombe vingine. Nilipouliza nikaambiwa kwamba ni cha mwenzenu aliyepimwa akakutwa na homa ya ini aina ya B, na kwamba ninyi wenyewe ndio mlioomba kitengwe. Naye alikuwepo, anakunywa chai yake amesimama kando ya pikipiki. Sikusema neno siku hiyo, kwa sababu jambo lenyewe linahitaji maelezo marefu kuliko yanayowezekana pembeni mwa barabara, na sikutaka kumwaibisha mtu mbele ya abiria. Nimezungumza naye baadaye, akaniruhusu niandike.

Hofu yenu naielewa, wala sitaibeza, kwa maana ugonjwa huu unaua. Ila mmeiweka hofu hiyo mahali pasipo pake. Mmekiogopa kikombe, nacho hakina kosa lolote, huku wembe mnaendelea kuazimana.

Homa ya ini aina ya B huletwa na kirusi kinachokaa katika damu na kulishambulia ini. Msiichanganye na homa ya manjano, ile inayoenezwa na mbu na ambayo wasafiri hudaiwa kadi ya chanjo yake. Watu huzichanganya kwa sababu katika zote mbili macho ya mgonjwa yanaweza kugeuka manjano. Kirusi ninachokieleza hapa hakiletwi na mbu. Hakipiti katika chakula wala maji, wala kwa kushikana mikono, kukumbatiana, kukohoa, kukaa kiti kimoja au kula posho (ugali) na maharage katika sahani moja. Kinapita kwa damu, kwa majimaji ya tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Na damu hiyo si lazima muione kwa macho, kwa kuwa kirusi hiki kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi: kwenye makali ya wembe uliokwisha kukauka, kwenye sindano iliyotumika, kwenye mswaki uliogusa fizi zenye kidonda.

Nina sababu yangu ya kuyasema haya kwa uchungu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa dereva wa lori, mtu mwenye nguvu, hakuwahi kulalamika hata kichwa. Alipofika umri wa miaka thelathini na kitu, tumbo lilianza kujaa maji huku mikono na mashavu yakikonda, na baada ya miezi michache tukamzika. Nyumbani palisemwa kwamba amerogwa, na jirani mmoja, mwanamke mjane, akanyoshewa kidole hadi akahama. Katika miezi ile ya mwisho sahani yake ilitengwa. Nilikuwa tayari nimeanza kazi ya uuguzi, nikaona ikitengwa, nikanyamaza. Kisha akafa, na ilipofika siku ya kunyolewa vichwa kwa ajili ya msiba, tuliketi foleni ukoo mzima, watu wazima na watoto, tukanyolewa kwa wembe mmoja. Sahani ilikuwa imekwisha kutupwa jalalani. Wembe hakuna aliyeuuliza swali.

Kwa hiyo nawasihi muanzie hapo. Mwende kwa kinyozi na wembe wenu mpya, au mhakikishe anafungua mpya mbele ya macho yenu, na kama anatumia mashine, mkatae ile iliyotoka kichwani mwa mwingine bila kusafishwa kwa dawa inayoua viini. Kupitisha brashi juu ya meno ya mashine ni kuondoa nywele tu. Kwa mganga anayechanja chale ni vivyo hivyo. Lugha yetu inatumia neno moja, kuchanja, kwa mambo mawili yaliyo mbali kabisa: sindano mpya ya muuguzi inayowakinga, na wembe wa chale unaopita kutoka kifua cha mtu mmoja hadi kifua cha mwingine, ambao unaweza kuwaletea ugonjwa uleule mliotaka kinga yake.

Liko jambo jingine ambalo ni lenu kuliko la mtu yeyote mjini. Ajali zinapotokea, ninyi ndio mnaofika wa kwanza, mnamnyanyua aliyegongwa na kumkimbiza hospitali, nanyi mna michubuko yenu mikononi. Sisemi mumwache, Mungu apishe mbali. Nasema kila mmoja awe na jozi ya glavu chini ya kiti cha pikipiki, na zisipokuwepo, mfuko wa plastiki usiotoboka unaweza kuwakinga mikono kwa muda huo. Damu ikikugusa, osha kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia kwenye kidonda au jichoni, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ueleze ilivyotokea, kwa sababu kwa mtu ambaye hana kinga chanjo inayotolewa mapema, hasa katika saa 24 za kwanza, inaweza kuuzuia ugonjwa usishike.

Sasa nije kwenye swali ambalo najua mmelinong'ona: mwenzenu alikipata wapi kirusi hiki? Nimesikia kwamba hata nyumbani kwake kumekuwa na maneno kati yake na mkewe. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo ndoa nyingi zinapovunjika bila sababu. Mtu mzima anapoambukizwa, mara nyingi mwili wake hupambana na kirusi na kukishinda katika miezi michache; wanaobaki nacho kwa maisha yote hawafiki 5 katika kila 100. Kwa mtoto mchanga mambo ni kinyume: katika kila watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 hubaki nacho. Hukaa nacho kimya, wanacheza, wanasoma, wanaoa, bila dalili yoyote kwa miaka ishirini au thelathini, ilhali ini linaweza kuwa linaliwa polepole. Ndiyo maana mtu anayekutwa nacho ukubwani, katika nchi kama yetu, huenda alikipokea siku ya kuzaliwa au utotoni kwa jeraha la kucheza, kabla hajajua neno zinaa. Majibu ya kipimo hayawezi kumwambia mke ni nani aliyemkosea, wala kama yupo aliyemkosea.

Hakuna ukoo wala steji iliyo salama kwa kuhesabu kikombe kimoja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kirusi hiki kwa watu wazima wapatao 4 katika kila 100 nchini Uganda, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake, na kaskazini yetu imebeba mzigo mzito zaidi kuliko kusini magharibi. Kwenye steji yenu yenye watu zaidi ya hamsini, ni nani awezaye kuapa kwamba ni huyo mmoja tu? Tofauti yake na ninyi ni kwamba yeye alipima. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na kweli, lakini mtu anayeona kikombe cha mwenzake kimetundikwa msumarini atapata wapi ujasiri wa kutoficha?

Nendeni mkapime. Ni damu kidogo tu, na majibu hutoka haraka. Ambaye hatakutwa na kirusi, na hajawahi kupata chanjo, aanze chanjo: sindano tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu ikifika miezi 6 tangu ile ya kwanza. Serikali ilianza kuwachanja watu wazima katika wilaya za kaskazini mwaka 2015, na nakumbuka foleni zilivyokuwa ndefu siku ya kwanza na zilivyopungua siku ya tatu. Wengi wenu mmebaki na kadi yenye muhuri mmoja. Sindano moja haitoshi kumlinda mtu kwa uhakika. Rudini mmalizie, bila kuogopa kwamba muda umepita, maana huendelea pale mlipoishia. Watoto wa Uganda wanapewa chanjo hii tangu mwaka 2002, ikiwa ndani ya ile sindano ya magonjwa matano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, na wengi wenu mko katika kundi hilo.

Ambaye atakutwa nacho asikimbilie kwenye chupa za dawa za mitishamba zinazouzwa kwa ahadi kwamba zinaliosha ini. Nimewaona wagonjwa waliofika hospitali wakiwa na ini lililoharibiwa na dawa hizo kuliko lilivyoharibiwa na kirusi. Si kila mwenye kirusi anahitaji vidonge mara moja. Daktari ataangalia hali ya ini na wingi wa kirusi, kisha ataamua. Anayehitaji hupewa kidonge kama tenofoviri, kimoja kila siku, kwa kawaida kwa miaka mingi na mara nyingi kwa maisha yote. Hakikimalizi kirusi, lakini kinakituliza na kupunguza sana hatari ya ini kusinyaa au kupata saratani. Asikiache mwenyewe kwa kuwa amejisikia vizuri, kwani kirusi kinaweza kurudi kwa ukali. Ambaye hajapewa vidonge naye arudi kupimwa kila miezi 6 au kadiri atakavyoambiwa.

Na aache waragi. Nalisema hili nikijua kinachonywewa jioni steji ikifungwa. Pombe juu ya ini lenye kirusi ni petroli juu ya makaa. Vilevile mwambieni mama wa nyumbani achague karanga na mahindi yaliyokauka vizuri, atupe yenye ukungu, wala asiyapeleke kinuni kwa kuona hasara. Ukungu huo hutoa sumu, sumukuvu, ambayo kwa mtu mwenye kirusi hiki huongeza maradufu na zaidi hatari ya saratani ya ini. Tunaanika mahindi juu ya udongo mtupu, mvua inayanyeshea, tunayakusanya na kuyahifadhi na unyevu wake. Turubai moja chini ya mahindi ni kinga ambayo watu hawaihesabu.

Mnapowabeba wajawazito kuwapeleka kliniki, na wake zenu wakiwemo, waulizeni kama wamepimwa kirusi hiki. Mama mwenye kirusi anaweza kuzaa mtoto salama: anaweza kupewa dawa katika ujauzito ikiwa kirusi ni kingi mwilini, na mtoto apate chanjo mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, bila kungoja wiki ya 6. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo kwa kila mtoto. Mwulizeni mkunga kabla ya uchungu kuanza. Na mama huyo anyonyeshe; maziwa yake hayana hatia, kama kile kikombe.

Kwa ndugu wa damu wa mwenzenu na kwa mkewe, nimekwisha kuzungumza nao kuhusu kupima na kuchanja. Mpaka mkewe athibitishwe kuwa na kinga, kondomu inasaidia kuwalinda, na hilo ni lao wawili.

Jumamosi ijayo, saa 2 asubuhi, nitakuja stejini. Nimeongea na wauguzi wa kituo cha afya, nao wamekubali kutupokea kwa pamoja, hivyo mje na kadi zenu, hata zile zilizochakaa, tuone nani amebakiza sindano ngapi. Kabla hatujaondoka nitakunywa chai, nami nimemwomba mama wa chai aung'oe ule msumari na kukichanganya kikombe kile na vingine kwenye beseni, ili nitakachopewa kiwe chochote kitakachotangulia mkononi mwake.

Mimi mama yenu,
Mkunga mstaafu, Arua