Byrnes na mabasi ya Clarendon

Mhariri,

Makala yenu kuhusu James F. Byrnes wa South Carolina, Marekani, ilimsifu kwa kutumikia mihimili yote mitatu ya dola. Vyeo alikuwa navyo kweli: Baraza la Wawakilishi 1911 hadi 1925, useneta kuanzia 1931, ujaji wa Mahakama ya Juu mwaka 1941 (akajiuzulu mwaka uliofuata), usimamizi wa uchumi wa vita chini ya Rais Roosevelt, uwaziri wa mambo ya nje chini ya Rais Truman, kisha ugavana wa South Carolina, 1951 hadi 1955. Kwa mtu aliyezaliwa baba keshafariki na kuacha shule akiwa na miaka 14, si haba.

Lakini ugavana mmeupitia kwa sentensi moja tu, na ndiko tunakomjua.

Katika kaunti ya Clarendon, jimboni humo, wazazi weusi waliomba basi la shule. Watoto wa Kizungu walikuwa na mabasi. Watoto weusi walitembea kwa miguu. Waliponyimwa wakaenda mahakamani, sasa wakidai ubaguzi wenyewe wa kutenga shule ukome. Harry Briggs, ambaye kesi ilibeba jina lake, alifukuzwa kazi kituo cha mafuta. Mkewe Eliza naye akapoteza ajira.

Byrnes alianzisha kodi ya mauzo ya asilimia 3 ili shule za weusi ziboreshwe, mradi tu zibaki za weusi peke yao. Mwaka 1952 wapiga kura wa jimbo wakaidhinisha kufuta kwenye katiba yake wajibu wa kutoa elimu ya umma, kwa kuhofia hukumu ya kukomesha utengano huo. Kisha Byrnes akamwomba wakili John W. Davis, aliyewahi kugombea urais, akautetee ubaguzi mbele ya Mahakama ya Juu, ileile ambayo Byrnes mwenyewe aliwahi kuwa jaji wake. Upande wa wazazi alisimama wakili mweusi Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1960 aliwasaidia wajumbe wa Kenya kuandaa haki za raia kwenye mkutano wa katiba ya Kenya kule Lancaster House, London. Mei 17, 1954 majaji wote wakawapa haki wazazi. Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren, naye gavana wa zamani, wa California.

Nakiri Byrnes alitia saini sheria iliyowakataza Ku Klux Klan, kundi la Wazungu waliowatisha weusi, kuficha nyuso. Hilo ni lake. Ila akiwa seneta, mwaka 1938, alikuwa ameupinga muswada wa kukomesha mauaji ya weusi mikononi mwa magenge, na hilo nalo ni lake.

Mkirudia habari zake, naomba familia ya Briggs ipewe aya yake.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga