Barua ya wazi kwa walimu wapya: kabla hamjaniomba tena kitabu cha hela

Wanangu walimu wa ajira mpya, poleni na majukumu.

Mnanijua. Nimeshika vitabu vya hesabu vya Saccos ya walimu hapa Morogoro miaka 27, nimestaafu, na bado wananiita kwenye kamati ya mikopo watu wakipungua. Kila mwezi hamkosi wawili watatu wa kunifuata mlangoni, "Shikamoo mama, nitajie kitabu kizuri cha uwekezaji." Zamani hilo swali lilikuwa linanifurahisha mpaka nachelewa kufunga ofisi. Mwaka huu limeanza kunikera, na leo nasema kwa nini.

Mwezi wa tatu alikuja kijana mmoja, mwaka wa pili kazini, anaomba milioni 10 za miaka 5. Mkononi ana salari slipu, kwapani ana kile kitabu cha Robert Kiyosaki cha baba tajiri na baba maskini, kimepigwa mistari ya peni nyekundu kila ukurasa. Tukamuuliza hela unaenda kufanyia nini. Akajibu, "Hili ni deni zuri." Kwenye hicho kitabu deni zuri ni lile linalonunua kitu cha kukuingizia hela, lakini yeye hakutaja biashara, hakutaja shamba, alisema deni zuri na uso umetulia kabisa kama mtu anayetaja dini yake. Makato yalikuwa hayajavuka theluthi mbili ya mshahara, wadhamini wawili wapo, tena walimu wapya wenzake, karatasi zimekaa sawa, tukapitisha. Na mimi nilikuwepo mezani nikapitisha, hilo linaniuma mpaka leo. Kumbe hela yote kaipeleka kwa jamaa wa forex, yaani biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni, aliyemuahidi asilimia 20 kila mwezi, mwezi wa kwanza akalipwa, wa pili akalipwa na akaenda kuwahubiria wenzake stafu, wa tatu simu haipatikani.

Sasa chukueni kalamu. Milioni 10, riba asilimia 17 kwa mwaka kwa salio linalopungua, miezi 60. Rejesho ni kama 248,500 kila mwezi, na mpaka unamaliza umelipa karibu milioni 14.9. Huyo mtoto atakuwa anakatwa hiyo hela wakati wanafunzi anaowafundisha leo wako chuo. Na akiacha kazi, wanaofuata kukatwa ni wale wadhamini wawili.

Kitabu chenyewe sikisingizii. Kimetoka mwaka 1997 na kina jambo moja la maana sana, kwamba kuna vitu vinaingiza hela mfukoni na kuna vitu vinatoa, na ukishindwa kuvitofautisha utafanya kazi mpaka uzee bila kujua hela ilikwenda wapi. Wale mnaokimbilia mkopo wa gari mwaka wa kwanza kazini, kisomeni hata mara mbili. Lakini mwandishi ni mtu wa Marekani. Kule mtu anaweza kukopa nyumba miaka 30 kwa riba isiyobadilika, mpangaji akalipa kodi na kodi ikalipa deni. Wewe unakopa kwa asilimia 17 na dhamana ni mshahara wako wenyewe! Hatifungani ya serikali yetu ya miaka 25, yaani wewe unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, mwaka 2022 ikashushwa mpaka 12.56. Yaani ukikopa kwa 17 ukanunue kitu salama kuliko vyote nchini, umeshapata hasara kabla hujafika nyumbani. Kwahiyo anayekwambia kopa uwekeze, anatakiwa akuonyeshe kitu kinacholipa zaidi ya 17 kila mwaka bila kukosa, na akikuonyesha muulize yeye mbona hajaenda kukopa akakiweka mwenyewe.

Mkiniuliza mimi kitabu cha kuanzia, nawapa kile cha George Clason cha tajiri wa Babeli, cha mwaka 1926. Kilianza kama vijitabu vidogo vya kugawiwa na mabenki na makampuni ya bima huko Marekani, ndo maana kina hadithi fupifupi ambazo hata aliyechoka na kusahihisha madaftari anazimaliza. Kila aliyekisoma anawaambia wenzake habari ya moja ya kumi, kwamba ukipokea hela ya kwanza kulipwa ni wewe, weka fungu la kumi pembeni. Sawa, ni kweli. Ila mbona hamsimuliani habari ya mfyatua tofali?

Iko hivi. Arkad, ndo huyo tajiri wa Babeli mwenyewe, kabla hajawa tajiri, aliweka moja ya kumi mwaka mzima kwa shida sana. Akaichukua yote akampa Azmur, mfyatua tofali, aliyekuwa anasafiri mbali, amnunulie vito kwa Wafoinike, wafanyabiashara wa baharini wa zamani, akirudi wauze wagawane faida. Wafoinike wakamuuzia Azmur vipande vya vigae vya kioo. Mwaka mzima umekwenda. Mzee Algamish aliyemfundisha kuweka akiba alivyosikia hakumhurumia hata kidogo, alimwambia huyo wa tofali muulize habari za tofali, vito nenda kwa mtu wa vito. Arkad akaanza upya. Hadithi nzima haijai kurasa mbili, na kama yule kijana wangu angepita hapo mimi nisingekuwa naandika barua hii, maana jamaa wa forex alimjulia wapi? Kwa mwalimu mwenzake wa jiografia. Huyo mwalimu ni mtu safi, anafundisha mvua za monsuni watoto wanaelewa, lakini habari za soko la fedha za kigeni kazijua wiki mbili kabla ya mwenzake! Mwaka 2009 ilikuwepo ile ya DECI, upatu wa kupanda mbegu na kuvuna, nchi nzima mnakumbuka au wazazi wenu wanakumbuka, na aliyekuwa anawaleta watu alikuwa jirani, mwanakwaya, shemeji, watu wa kuaminika kabisa kwenye mambo yao. Kila mtu alikuwa na mfyatua tofali wake.

Vingine nitavipitia harakaharaka. Cha Benjamin Graham cha mwekezaji mwenye busara, cha 1949, ni kizito, msikianze mwanzo mkakata tamaa. Someni sura ya 8 na ya 20, ndo hizohizo Warren Buffett, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, anazosisitiza. Ya 8 inasema bei ya hisa ni kama mbia mwenye hasira za ghafla anayekuja kila siku na bei yake, na wewe huna lazima ya kumjibu. Ya 20 inasema nunua kwa bei ya chini ambayo hata ukikosea hesabu hufi. Lakini kumbukeni soko la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998 na kampuni moja tu, TOL ya gesi, na mpaka leo kuna hisa zinakaa siku nyingi bila mtu kuzigusa, kwahiyo hela ya ada ya mtoto usiiweke huko ukitegemea kuitoa Ijumaa. Vitabu vya John Bogle vinafundisha kununua soko zima kwa gharama ndogo badala ya kubahatisha kampuni moja. Kwetu cha karibu yake, ingawa si kilekile, ni mifuko ya pamoja, inayokusanya hela za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja, kama Umoja wa UTT uliopo tangu 2005, na ukitaka hatifungani za serikali moja kwa moja unaanzia milioni 1. Cha Stanley na Danko cha milionea wa jirani, cha 1996, someni kabla hamjaanza kushindana simu. Cha Morgan Housel cha saikolojia ya pesa, cha 2020, ni chepesi, kinahusu tabia zetu na hela. Cha Napoleon Hill cha fikiri utajirike, cha 1937, sikikatazi, ila hesabu ndani hakuna.

Na hapa siwalaumu nyinyi peke yenu. Riba juu ya riba iko kwenye hisabati ya kidato cha 3, pale kwenye mfululizo, na nyie wa hisabati mnaifundisha kila mwaka. Mtoto anakariri fomula kwa Kiingereza anajibu mtihani anapata alama, akija kuajiriwa anasaini mkopo wa miaka 5 hajui atalipa jumla shilingi ngapi! Tumemfundisha nini sasa? Mikataba ya mikopo mingi iko kwa Kiingereza cha mawakili, maandishi kama sisimizi, na sisi watu wa mikopo tunamwambia saini hapa, na hapa, na hapa. Ukienda kutafuta kitabu cha hela kwa Kiswahili, rafu imejaa hamasa tupu, amka ndoto yako amka, hakuna kinachomuonyesha mtu jedwali la rejesho. Wahamasishaji wanakodi ukumbi wanakusanya viingilio na hakuna anayewauliza wamewekeza wapi zaidi ya kwenye hicho kiingilio. Inakera jamani.

Wewe kijana wa mwezi wa tatu, najua hii itakufikia. Sina hasira na wewe. Acha kukwepa mikutano ya chama, acha kukopa kwenye simu ili ufike mwisho wa mwezi, hizo riba zitakumaliza kuliko hii. Njoo na wadhamini wako wote wawili tukae tuangalie kama muda unaweza kuongezwa makato yapungue, nimeshawahi kuona watu wamebanwa kuliko wewe na leo wamejenga.

Wengine, Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara nitakuwa ofisi ya chama kuanzia saa 4 asubuhi. Njooni na salari slipu na mkataba wa mkopo wowote mlionao, tutausoma mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Na aliyeazima Babeli yangu tangu Pasaka aje nayo, kuna wenzake watatu wanaisubiri.