Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu wanachama, maofisa milki mnaosimamia majengo ambayo kampuni zenu zimepanga,

Wiki ya Idd mwaka huu simu yangu haikupumzika. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilikuwa zimeanza kutumika tarehe 28 Machi 2025, na kila aliyepiga alikuwa na swali lilelile: mikataba yetu ya pango iliyoandikwa kwa dola inakuwaje? Kanuni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni, na mikataba iliyokuwepo ikapewa mwaka mmoja wa kurekebishwa. Ninyi mnajua ghorofa za Posta na Masaki, hapa Dar es Salaam, zimepangishwa kwa dola kwa mita ya mraba kwa miaka mingapi.

Naanza na wiki hiyo kwa sababu ndiyo iliyotuonyesha nani alikuwa amejipanga. Wenzetu waliokuwa na orodha kamili ya mikataba yao, yenye jina la jengo, ukubwa wa eneo, tarehe ya kuisha na kifungu cha kupandisha kodi, walirudi kazini baada ya Idd wakijua wataanza kuzungumza na mwenye jengo yupi. Wengine walikuwa bado wanasaka mafaili katikati ya Aprili. Mwanachama mmoja aligundua kwamba nakala pekee yenye sahihi za pande zote mbili iko kwa wakili ambaye kampuni iliachana naye zamani. Alisikitika mno, nami nilisikitika pamoja naye, kwani ofisa milki asiyeushika mkataba mkononi anaingia kwenye mazungumzo akiwa ameshashindwa.

Katika mazungumzo hayo kamati yenu imesimamia mambo mawili. La kwanza ni kiwango cha kubadilishia dola kuwa shilingi. Kiwango hicho kiandikwe pamoja na tarehe yake, na pande zote zikubaliane, kwa sababu shilingi ilipanda na kushuka sana ndani ya mwaka huu, na mwenye jengo anayechagua siku peke yake anajichagulia kodi. La pili ni nyongeza ya kila mwaka. Kwenye mkataba wa shilingi tunashauri nyongeza iende na mfumuko wa bei unaotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, tena iwekewe ukomo. Tumeona rasimu ambazo kodi imeandikwa kwa shilingi lakini inahesabiwa upya kila robo mwaka kufuata bei ya dola. Huko ni kuirudisha dola kwa mlango wa uani, na tumewaambia wanachama wasitie sahihi. Naelewa kwamba baadhi ya wenye majengo walikopa kwa dola na benki inawadai kwa dola. Wana mzigo kweli, na mazungumzo ya heshima yanaweza kuugawana. Ila usifichwe ndani ya kifungu cha mkataba.

Jambo ambalo ningependa tulishike kuliko yote mwaka huu ni kwamba uamuzi wa ofisi ni uamuzi wa uongozi, na unaanza miaka miwili kabla ya mkataba kuisha. Wengi wetu bado tumewekwa chini ya idara ya utawala, pamoja na magari na chai. Bosi anatuita lifti ikikwama au jenereta ikigoma. Mpango mkakati wa miaka mitano unapoandikwa hatumo chumbani, kisha tunaletewa barua kwamba tuhame ndani ya siku sitini.

Nitoe mfano ulionipa moyo. Kampuni moja ya mwanachama wetu, ambayo mkataba wake wa Posta unaisha mwakani, ilikuwa imeshaamua kuhamia Masaki. Ofisa milki wao, dada mmoja mtulivu sana, aliomba wiki mbili. Akabandika ramani ya jiji ukutani kwenye chumba cha mikutano, akachukua orodha ya wafanyakazi kutoka kwa watu wa rasilimali watu, akachomeka pini moja kwa kila nyumba. Nilikuwepo siku wakurugenzi walipoitwa kuiangalia. Pini zilijaa Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara mpaka ramani ikaanza kuchanika pale Mbagala. Masaki na Mbezi Beach zilikuwa na pini chache, na wenye pini hizo ndio waliokuwa wamesimama mbele ya ramani. Dada yule hakutoa hotuba. Alieleza tu kwamba mtu wa Kimara leo anapanda basi moja la mwendokasi hadi Kivukoni, jirani na Posta, na ofisi ikiwa Masaki atalazimika kuunganisha gari jingine, asubuhi na jioni. Mkurugenzi mkuu alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza Posta wanaweza kupunguza ghorofa ngapi. Wamebaki, wamerudisha ghorofa moja, na mazungumzo ya kodi wameyaanza wakiwa na miezi kumi na minane mkononi.

Huo ndio uongozi ninaousema. Hakuwa na cheo kikubwa, lakini alikuwa na taarifa aliyoihangaikia mwenyewe, akaiweka mezani kabla maji hayajafika shingoni.

Tunaofanya kazi hii Dar es Salaam hatuna haja ya kutafuta mbali fundisho la kupanga mapema. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika 1973. Kwa zaidi ya miaka arobaini watu walijenga na kupangisha maghorofa ya katikati ya jiji kana kwamba wizara zitabaki hapa milele. Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahama, na kweli ikahama, wamiliki walishtuka kwa jambo lililokuwa kwenye maandishi tangu wengi wao wakiwa shule ya msingi. Sasa treni ya reli ya kisasa, SGR, imeanza safari za Dodoma tangu Julai 2024, mwendo wa saa nne hivi, na wanachama wameanza kuuliza kama tawi la Dodoma bado linahitaji jengo zima au vyumba viwili tu vya mikutano. Swali hilo liulizeni sasa, wakati mkataba bado una muda.

Kuna jambo limetusaidia kusikilizwa. Tangu 1 Januari 2019, kiwango cha kimataifa cha uhasibu IFRS 16 kinataka karibu kila pango la zaidi ya miezi kumi na miwili lionekane kwenye mizania ya kampuni kama mali na kama deni. Mkurugenzi wa fedha aliyekuwa anaiona kodi kama gharama ya mwezi sasa anaiona kama deni la miaka. Semina yetu ya Februari ilikuwa juu ya jambo hili, na nimefurahi kwamba wahasibu walikuja wengi kuliko maofisa milki. Ukitaka kiti kwenye meza ya mipango, anza urafiki na mhasibu wako.

Sasa niseme la uchungu. Asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, jengo liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya ishirini. Wanachama wetu kadhaa wana maduka na stoo mtaa wa pili. Wiki iliyofuata nilizunguka na wajumbe wa kamati ya ufundi kwenye majengo mengine wanayopanga wanachama wetu. Katika ghorofa ya chini ya jengo moja tulikuta nguzo imechongwa kwa tindo ili mlango wa stoo upanuke. Nondo zilikuwa nje, zimeanza kuota kutu, na keshia alikuwa ametundika mkoba wake kwenye moja ya nondo hizo. Binti yule aliniambia anakaa pale tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Tulimwomba mwenye jengo kibali cha ujenzi na jina la mhandisi aliyeidhinisha kazi ile. Hakuwa na kimoja wala kingine. Mwanachama wetu alihama ndani ya siku tisa, akapoteza kodi aliyolipa kwa mwaka mzima, na naomba mkutano wetu ujao umpongeze kwa jina. Tangu sasa kamati inapendekeza kwamba mwanachama asisaini pango lolote kabla mhandisi wake mwenyewe hajashuka ghorofa ya chini kuangalia nguzo.

Kwa mengine nitakuwa mfupi. Hesabu zimekaguliwa na mhazini atazisoma. Vijana wa Chuo Kikuu Ardhi waliokuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo wamefanya kazi nzuri, na kampuni mbili zimewaomba warudi. Ada bado zinachelewa.

Tulichoshindwa ni kanzidata ya viwango vya pango. Niliahidi mwaka jana kwamba tungeweka kodi zetu pamoja, bila majina ya kampuni, ili kila mmoja ajue bei halisi ya mtaa wake. Wachache mno walileta taarifa. Nilidhani sababu ni woga wa washindani, kumbe wengi hawakuwa na taarifa zenyewe kwa mpangilio wa kuweza kuzitoa. Kosa langu ni kuomba takwimu kabla ya kuwasaidia watu kupanga mafaili yao. Safari hii katibu ameandaa fomu ya ukurasa mmoja kwa kila mkataba, na wajumbe watapita ofisini kwenu kuijaza pamoja nanyi.

Mikataba ya dola iliyokuwepo ilipewa muda hadi Machi 2026. Kila mwenye nayo aje mkutanoni na nakala, hata ambayo haijasainiwa. Wakili wa chama atakuwepo kuanzia saa tatu asubuhi, kabla ya ajenda.

Mwenyekiti
Dar es Salaam, Julai 2025