YAH: Malalamiko ya picha kukatika kwenye huduma yenu ya video, Mbeya

Meneja wa Ufundi,
Mbeya.

Ndugu,

Kila mteja wa Mwanjelwa na Uyole anayelalamika kwamba picha inaganda au inavunjika vigae hupewa jibu moja: nunua kifurushi kikubwa zaidi. Jibu hilo si la kweli, na linawatoa watu fedha bure. Matangazo yenu yanahitaji megabiti 4 kwa sekunde. Laini hizo zinapitisha 10 bila shida. Kasi ipo. Zinazopotea ni pakiti, yaani vipande vidogo ambamo video hugawanywa ili isafirishwe.

Tumezinasa upande wa mpokeaji na kusoma namba zake za mfuatano. Hazipotei mojamoja, zinapotea kwa mkupuo, 10 hadi 18 zinazofuatana. Ndiyo tabia ya mawimbi: antena ya jirani ikirusha kwenye masafa yaleyale, au lori likikinga njia, chochote kilichokuwa hewani kinakwenda. Mvua msiisingizie. Kwenye gigahezi 5 mnazotumia, na umbali wa kilomita chache, mvua haipunguzi nguvu ya mawimbi kiasi cha kuonekana. Madhara yake huanza kuwa makubwa juu ya gigahezi 10.

Ninyi mnatuma pakiti moja ya akiba kwa kila 20 zinazofuatana. Akiba hiyo ni XOR ya zote 20, yaani hesabu inayozichanganya biti kwa biti, kwa hiyo inafufua moja tu. Zikipotea mbili katika fungu hilo, haifufui hata moja.

Zipangeni 100 katika safu 5 za pakiti 20, kisha akiba itengenezwe kwa kushuka: namba 1, 21, 41, 61 na 81 zipate yao, 2, 22, 42, 62 na 82 yao, hadi mwisho. Mkupuo wa 20 utachukua moja tu katika kila mstari wa wima, na zote zitarudi. Gharama ni asilimia 20 badala ya 5, yaani megabiti 4.8, ambazo laini inazimudu. Kwa pakiti za baiti 1,316, zinazopita takribani 380 kwa sekunde, fungu zima linachukua robo sekunde; bafa ya kisimbuzi, yaani muda ambao kinaishikilia video kabla ya kuionyesha, ikiwekwa nusu sekunde inatosha.

Punguzeni pia muda kati ya picha kamili (zilizo katikati hubeba mabadiliko tu), kutoka sekunde 4 hadi 2. Pakiti ya picha kamili isipofufuka, uharibifu unabaki kwenye skrini mpaka picha kamili inayofuata.

Kwenye nyumba za wageni kuna kosa jingine. Mnarusha chaneli kwa kundi zima juu ya Wi-Fi, na katika urushaji huo ruta haisubiri kuthibitishiwa wala hairudii kilichopotea. Iwekeni imtumie kila mpokeaji peke yake.

Tunadai marekebisho haya yafanyike, na waliouziwa vifurushi vikubwa kwa sababu hiyo warudishiwe tofauti ya bei. Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Mkikaa kimya, malalamiko haya yatapelekwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na rekodi za pakiti.

Mafundi na wateja wenu,
Mwanjelwa na Uyole