Poka ya kwenye televisheni imekatwakatwa studio, watazamaji waambiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vituo vya televisheni, pamoja na vijana wanaotafsiri vipindi kwa Kiswahili na kuviuza kwenye flashi pale Kariakoo. Siku hizi mashindano ya poka, mchezo wa karata wa kuwekeana hela, yanatazamwa sana huku kwetu Tandika. Fundi simu anayatazama, bodaboda kijiweni wanayatazama, na mpwa wangu anayatazama usiku mpaka bando linakata. Ninachodai ni kimoja: mtazamaji aambiwe kipindi anachokiona kimetengenezwaje.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Sherehe inaanza saa mbili usiku inaisha saa saba, na wenyewe nawakabidhi video ya saa moja na nusu, isiyo na foleni ya chakula wala MC akihangaika na maiki. Kwa hiyo nikitazama poka ya televisheni naona mkasi ulipopita, kitu ambacho mpwa wangu haoni.

Katika poka hii inayopendwa, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa mezani zikawa za wote. World Series of Poker, mashindano makubwa ya mchezo huu, ilianza mwaka 1970 kwenye kasino ya Benny Binion, Las Vegas, na kamera za televisheni zilifika mapema tu. Lakini mtazamaji aliona nini? Wanaume wamenuna mezani. Aliyebadilisha hali hiyo ni Henry Orenstein, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi, akahamia Marekani na kuwa mbunifu wa vitu vya watoto kuchezea. Mwaka 1995 alipata hataza, yaani haki ya mbunifu, ya meza inayowezesha kamera kuziona karata za siri. Mwaka 1999 Channel 4 ya Uingereza ikaonyesha Late Night Poker, meza ikiwa na vioo na kamera chini yake. Baadaye zikaja karata zenye chipu ndogo ndani, meza yenyewe inazisoma. Ubunifu huo nampa heko kwa moyo wote, maana mtu wa nyumbani alianza kujua jambo ambalo aliyeketi mezani halijui.

Mfano mzuri ni fainali ya World Series of Poker ya 2003. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi kwa mchujo wa mtandaoni, alikuwa na mfalme na saba, na mezani hakuna kilichomsaidia. Mpinzani wake, Sam Farha, alikuwa na jozi ya tisa, yenye nguvu kuliko karata za Moneymaker. Karata ya mwisho ilipofunuliwa Moneymaker akapiga mkwara, yaani akajifanya ana karata kali, akasukuma kila alichokuwa nacho katikati ya meza. Farha akafikiri, akafikiri, akatupa karata zake, yaani akajitoa. Sisi tunaotazama tunaziona karata zote nne, na tunataka kumpigia kelele asizitupe! Moneymaker akatwaa dola milioni 2.5. Mwaka ule washiriki walikuwa 839. Mwaka 2006 walifika 8,773.

Sasa sikiliza masimulizi. Lon McEachern na Norman Chad wa ESPN, kituo cha michezo cha Marekani, walisimulia mashindano yale baada ya kuchezwa, wakati mshindi ameshajulikana. Hata hivyo wanasema kana kwamba jambo linatokea muda huohuo. Simlaumu msimuliaji, maana bila hivyo hakuna atakayekaa kutazama. Lakini kijana asiyejua anaamini watu wale wameusoma mchezo papo hapo.

Tatizo la pili ni asilimia zinazoandikwa pembeni ya majina. Mwenye ree mbili akikutana na mwenye wafalme wawili, kabla ya karata za mezani, kompyuta inamwandikia asilimia 80 na kitu. Hesabu hiyo inawezekana kwa sababu kompyuta inazijua karata za wote wawili. Mwenyewe pale mezani haioni. Mpwa wangu ananiuliza, “Mjomba, mbona huyu mjinga anajitoa na ana asilimia 70?” Nikimweleza kwamba mchezaji hana namba hiyo, ananitazama kama simwelewi.

Kubwa kuliko yote ni mkasi. Mgawaji mzuri hugawa kama mara thelathini kwa saa, na siku ya mashindano huenda saa kumi na zaidi. Kipindi cha saa moja, tena kina matangazo, kinabakiza raundi chache tu: ile ya kuweka hela zote, ya mkwara, ya mtu kulia. Mamia ya raundi ambazo watu walitupa karata na kukaa kimya zimeachwa studio. Matokeo yake kijana anadhani poka ni kuweka zote kila raundi, na akiingia kwenye programu ya simu anafanya hivyohivyo na hela ya mtaji wa genge. Mwaka huu, hapa mtaani, nimeyaona kwa macho yangu.

Yapo mashindano yanayoonyeshwa mfululizo bila kukatwa, picha zikicheleweshwa kama dakika 30 ili mtu asimtumie mchezaji ujumbe wa simu kuhusu karata za mwenzake. Hayo mpwa wangu hayatazami. Anasema yanachosha.

Kwa hiyo naomba vituo vyetu, na hao wa Kariakoo, waandike chini ya skrini kila kipindi kinapoanza na kila kinaporudi kutoka kwenye matangazo: mchezo huu ulichezwa tarehe fulani, raundi zilikuwa kadhaa, zilizoonyeshwa ni kadhaa, na asilimia unazoziona mchezaji hazioni. Msimuliaji wa Kiswahili ayatamke hayo kwa sauti, kwa wale wanaosikiliza huku wakiendelea na kazi. Kwa anayejua kuhariri, maandishi hayo hayachukui hata robo saa kuyaweka.

Mhariri wa video za harusi,
Tandika, Dar es Salaam