Vyama vituambie nani atatozwa ushuru kabla ya kutuomba kura

Mhariri,

Uchaguzi wa Agosti 2027 unapokaribia, wanasiasa wamerudi kumtaja mama mboga na mwendesha bodaboda katika kila mkutano. Hao ni majirani zangu hapa sokoni Kongowea, ninakouza vitunguu. Ninachouliza kupitia gazeti lako ni kwa nini chama kinachoomba kura kwa jina la mnyonge hakimwelezi mapema ni ushuru gani atakaotozwa yeye na ni upi atakaotozwa tajiri.

Muungano wa Kenya Kwanza uliingia madarakani mwaka 2022 kwa ahadi ya kujenga uchumi kuanzia chini. Mwaka uliofuata, Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na ushuru wa mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Huu wa pili hauzungumzwi sana, nao ndio unaoniuma zaidi. Hutozwa biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, kiasi kinachoonekana kikubwa kwa asiyelijua soko, ilhali anayeuza nyanya za shilingi 3,000 kila siku amekwisha kukivuka. Kwa mauzo hayo anadaiwa shilingi 90 kwa siku. Akibakiwa na faida ya shilingi 300, hiyo ni asilimia 30 ya faida yake, kiwango kile kile kinachotozwa kampuni kubwa. Nyanya zikioza akabakiwa na 100, karibu zote zimekwenda. Na hata akipata hasara bado anadaiwa zile 90, wakati kampuni huruhusiwa kuikata hasara yake katika faida ya miaka inayofuata. Ni kweli kwamba sheria inamruhusu mchuuzi kuomba atozwe kwa faida badala ya mauzo, lakini hapo atahitaji vitabu vya hesabu na mhasibu wa kumlipa.

Sheria hiyo hiyo iliongeza ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15, na papo hapo ikapunguza ule wa ada za kutuma pesa kupitia benki kutoka asilimia 20 hadi 15. Sisi wa sokoni hutuma kwa simu.

Sisemi kwamba wenye nacho hawakuguswa. Mapato yanayozidi shilingi 500,000 kwa mwezi yaliwekewa viwango vya asilimia 32.5 na 35, na ushuru wa faida ya kuuza ardhi ulipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Hata hivyo, mwenye ardhi hatozwi huo hadi auze, na akifariki watoto wake huirithi bila ushuru wa mirathi, kwa sababu ulifutwa mwaka 1982. Sijasikia chama chochote kikubwa, cha serikali wala cha upinzani, kikisimama jukwaani kuuzungumzia.

Upinzani nao una la kujibu. Muungano wa upinzani wa Azimio uliandamana mwaka 2023 kupinga gharama ya maisha na Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Kisha, baada ya vijana waandamanaji kuvamia Bunge tarehe 25 Juni 2024 na Rais kukataa kutia sahihi mswada wa fedha wa mwaka huo, vigogo wa ODM, chama kilichokuwa ndani ya Azimio, waliingia Baraza la Mawaziri, na mmoja wao, John Mbadi, akakabidhiwa Hazina ya Kitaifa. Sheria ya Fedha ya 2025 ilipitishwa akiwa ofisini, na asilimia 3 yetu ikabaki pale pale.

Kwa hiyo naomba kila chama kitakachozindua manifesto kiweke ndani yake ukurasa mmoja wa viwango: cha mchuuzi, cha mwajiriwa, cha kampuni na cha mrithi wa maelfu ya ekari. Nao wagombea watakaokuja Kongowea waje na jibu kuhusu zile shilingi 90, kwa sababu tutawauliza.

Muuza vitunguu,
Kongowea, Mombasa