Kwa wajukuu zangu wa hosteli za wanafunzi za Mabibo, Dar es Salaam

Wajukuu zangu,

Nawasalimu kwa upendo. Mimi ni bibi wa mtaani kwenu, muuguzi mstaafu, na ninawaandikia kuhusu matumbo yenu.

Najua bando la intaneti la usiku ni nafuu, na bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, halitoshi. Basi mnangoja saa sita usiku ndipo mfungulie video, magemu na mikeka ya kubeti. Ikifika saa nane njaa inabisha hodi, na kinachopatikana ni chipsi mayai na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Mnalala karibu na adhana ya alfajiri, mnaamka chai imeshapita, na cha mchana mnakila macho yakiwa kwenye kioo cha simu, hata baadaye hamkumbuki mlikula kiasi gani. Mlo wenu sasa unapangwa na bando.

Mwili hauzoei hali hiyo. Usingizi ukipungua, homoni ya njaa, ghrelini, inaweza kupanda, na leptini, ile ya kushiba, ikashuka. Huenda ndiyo maana usiku hamtamani mchicha. Nusu ya kafeini ya lile kopo huwa bado imo mwilini baada ya muda wa saa tano hivi, kwa hiyo hata mkizima simu usingizi haushuki vizuri. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni heri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Soda moja ya nusu lita inaweza kuwa na gramu 50.

Halafu nasikia kila wa pili ana "vidonda vya tumbo". Wengi wenu ni kiungulia: umekula mafuta ukajilaza papo hapo. Vidonda vyenyewe mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au dawa za maumivu kama diklofenaki, na huthibitishwa kwa vipimo. Msinunue vidonge kwa kubahatisha.

Sisemi mtupe simu. Masomo yamo humo, na kazi mtazitafuta humo. Ninachoomba ni mlo mmoja tu, wa mchana. Nendeni wanne watano kwa mama ntilie, mle wali maharage na matembele, simu zikiwa mfukoni, mpige soga. Aliyekula mchana akashiba hatafuti chipsi saa nane kwa pupa ileile. Na mkilala, simu ichajiwe mbali na kitanda.

Yupo atakayejaribu kuweka simu kando akashindwa. Mwaka 2019 uraibu wa magemu uliingizwa katika orodha ya magonjwa ya kimataifa, ICD-11, kwa hiyo msimwite mzembe. Msindikizeni kwa mshauri wa wanafunzi, na mwende naye kweli, msimwelekeze tu njia.

Na yeyote anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asingoje kupambazuke. Mwamsheni mwenzenu mwende hospitali usiku huohuo.

Bibi yenu,
Mabibo